Kilo Ishirini za Nani?

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huiogopa takwimu, wakidhani kuwa ni mali ya wanahisabati. Hata hivyo, mtafiti wa jamii hawezi kuikwepa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 katika Kericho na 875,689 katika Bomet; nani awezaye kumsimulia kila mmoja wao? Sharti data ifupishwe. Swali ni: katika kufupisha huko, nani huachwa nje?

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikumbana na swali hili Bomet, katika kituo cha kununulia majani chai, alikokuwa akichunguza lugha na maisha ya wakulima wadogo. Asubuhi moja alisimama kando ya mizani akanakili kilo za wakulima saba: 8, 9, 10, 10, 12, 14 na 77. Jumla ilikuwa 140. Akaigawa kwa saba, kisha akaandika kwa fahari: “Mkulima wa hapa huleta kilo 20.”

Mama mwenye kilo nane alimwomba amsomee alichoandika.

“Mwanangu, hizo ishirini ni za nani?”

“Ni za kila mmoja, mama. Ni wastani.”

“Basi kumi na mbili zangu ziko wapi?”

Mwanafunzi alikosa jibu. Hakuna hata mmoja aliyeleta kilo 20. Sita kati ya saba walikuwa chini ya wastani. Mwenye kilo 77 ndiye aliyeupandisha. Idadi ya katikati katika orodha ilikuwa 10, na iliyojirudia zaidi ilikuwa 10 vilevile. Tofauti baina ya kilo nyingi zaidi na chache zaidi, yaani 69, ingemwonya mapema kwamba data yake imetawanyika mno.

Si kwamba wastani ni uongo. Anayetaka kujua iwapo lori litatosha ataufurahia, kwa kuwa ukizidishwa kwa idadi ya wakulima hurudisha jumla. Lakini mzazi hulipa karo kwa kilo zake mwenyewe, na bonasi ya mwaka hufuata kilo hizo hizo. Haba na haba hujaza kibaba, husema wahenga. Wastani hukionyesha kibaba, wala hausemi nani alitia punje na nani alitia konzi.

Jioni hiyo aliifuta sentensi yake. Badala ya “mkulima wa hapa” akaandika “wakulima saba wa asubuhi ile”, akataja wastani, idadi ya katikati na mtawanyiko, kisha akaiambatisha orodha yenyewe. Tasnifu iliongezeka mistari michache. Zile kilo nane nazo zikapata mahali pake.