Boriti Haizidi Bloku Tatu

Jumamosi, 8 Machi 2025
Baada ya tarawehe. Leo nimelianza fungu la Mwambao. Modi yetu ya Minecraft ina kuta za mbao na udongo za Ujerumani, milango ya karatasi ya Japani, vigae vya buluu vya Uajemi. Cha kwetu hakuna hata kizingiti. Uso wa ukuta wa chokaa nimeuchora mara nne. Kila upande wa bloku una pikseli 16 kwa 16, basi, na ukuta wangu unatoka mweupe pee kama zahanati mpya. Mpwa wangu kachungulia: “Mjomba, sukari hiyo?” Mara ya tano nimetia doa la kijivu chini, pale chumvi inapopanda na unyevu, na pembeni chokaa kidogo iliyobanduka. Hapo ndipo Mji Mkongwe ulipoonekana.

Jumatatu, 10 Machi
Matumbawe yaliingia kwenye gemu mwaka 2018, mikoko 2022. Mawe na boriti za nyumba zetu vimo, lakini kimoja kinakaa baharini na kingine kinamasini. Kuvikutanisha ndiyo kazi yangu.

Bloku ya tumbawe ukiiweka pakavu inakufa, inageuka kijivu. Hilo limenifurahisha. Mafundi wa kale wa mwambao nao waliyatoa matumbawe baharini yangali laini, wakayachonga, yakakauka na kuwa magumu. Ya ukuta wa kawaida yalichimbwa nchi kavu. Kwa hiyo nahitaji bloku mbili, si moja: ya kuchimbwa na ya kuchongwa.

Alhamisi, 13 Machi
Mpwa kajenga ukumbi wa Kiswahili kwa bloku zangu. Upana, bloku kumi na moja! Bloku moja ni mita moja. Boriti zimepita juu toka ukuta hadi ukuta, hazina hata nguzo. Uzuri upo, ila nilijihisi kama niliyemwona mtu kavaa kanzu yangu kinyumenyume.

Nimekwenda kufuturu kwa bibi nikiwa na futi ya kupimia. Chumba cha chini, mita 2 na sentimita 70. Cha pili, vilevile. Cha juu, vilevile.
“Unampimia nani? Umeshaniuzia nyumba?”
“Hapana bibi, ni ya gemu.”
Kacheka, kisha kanyoosha kidole darini. “Chumba ni boriti, mwanangu. Mti ukiishia hapa, na chumba kinaishia hapa. Ukitaka nafasi, refusha, usipanue.”

Nimelala kwenye nyumba za namna hii tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza mbona zote ni nyembamba.

Jumamosi, 15 Machi
Mwenzetu anayechora fungu la Ghuba kaniletea picha ya dari la nyumba kongwe ya Kuwait. Miti ileile! Boriti za Rufiji na Lamu zilipakiwa majahazini, zikaondoka na kusi mpaka Oman, Bahrain na Kuwait, kwao miti ya kujengea haba. Vyumba vyao navyo vyembamba, maana mkoko ni uleule.

Sasa niiweke boriti kwenye fungu gani? Orodha yetu imepanga dunia kwa masanduku, kila nchi na lake. Nimeiweka kwenye yote mawili. Kiongozi wa modi kauliza kama nimekosea. Nimemjibu hapana.

Jumanne, 18 Machi
Nilijenga mnara mfano wa ule wa Beit al-Ajaib, pale Mji Mkongwe, nikaondoa mawe yote ya chini. Ukabaki unaning'inia hewani, umetulia tuli. Jumba lenyewe Sultani Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883; tarehe 25 Desemba 2020 mnara na sehemu ya mbele viliporomoka, watu wawili wakafa. Kwenye gemu mchanga na kokoto huanguka. Jiwe halianguki.

Kumbe tatizo si rangi. Nimekuwa nikichora sura ya nyumba na kuiacha sababu yake.

Halafu nikakumbuka jukwaa la mianzi la mafundi, lililomo humohumo kwenye gemu. Lenyewe huhesabu bloku tangu pale liliposhikwa kutoka chini. Likienda mbali mno, linaanguka. Hesabu hiyo naweza kuiazima. Nimeandika mpaka daku: boriti iangalie kushoto na kulia mpaka ikute ukuta. Ikizidi bloku tatu, chini!

Jumamosi, 22 Machi
Mpwa kafungua gemu, ukumbi wake umelala sakafuni. Kelele alizopiga, jirani kauliza kuna nini. “Umeniharibia, mjomba! Gemu gani hii ya kukatazana?” Nikamwambia nitaiondoa sheria hiyo akishindwa kabisa. Kanuna, kaanza upya.

Nimerudi baada ya futari. Kapanga vyumba vinne, vyembamba, virefu, kila kimoja kimegusa kingine, na katikati kaacha uwazi usioezekwa. Kwa bibi ni hivihivi, ua na vyumba vyake. Sikumwonyesha picha wala ramani. Nimemuuliza kwa nini kajenga hivyo.

Hata macho hakuyatoa kwenye kioo. “Kwani ningefanyaje?”