Dakawa: Wanaoamia ndege na somo la kutuliza akili

Ukitoka stendi ya Msamvu mjini Morogoro kwa barabara ya Dodoma, Milima ya Uluguru inabaki nyuma na ardhi inakuwa tambarare. Baada ya kama saa moja unafika Dakawa, wilayani Mvomero.

Wengi wanaijua Dakawa kwa mchele. Skimu yake ya umwagiliaji ina takribani hekta 2,000, na maji yake huvutwa kwa pampu kutoka Mto Wami. Kuna pia kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Dakawa.

Mpunga unapoanza kujaza punje, kazi kubwa ni kuamia ndege. Kwelea kwelea huja kwa makundi, na anayeamia hukaa kando ya jaruba tangu alfajiri hadi jioni, akipiga kelele, akigonga makopo, akirusha udongo. Akizubaa kidogo tu, ndege wametua. Akishtuka, hakai chini kulia. Anawafukuza, kisha anaendelea kuangalia.

Mkulima huyo anaweza kuelewa haraka zoezi ambalo Wabudha wamelifanya kwa zaidi ya miaka 2,000: tafakuri ya utulivu. Mtu anakaa, anaifuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Mawazo yanakuja kama ndege: ada ya shule, deni la pembejeo, maneno ya jana ya mwenzi. Anayaona, anayaacha yapite, anairudia pumzi. Hajilaumu kwa kuwa mawazo yamekuja, kwani kazi yenyewe ndiyo huko kurudi.

Kilianzia shambani

Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, hakuwa mgeni wa mambo ya shamba. Jina la baba yake, Suddhodana, linatafsiriwa kuwa linahusu mchele safi. Maandiko ya Wabudha yanasimulia kwamba siku moja ya kulima, mtoto huyo aliachwa kivulini, chini ya mti wa jamii ya mizambarau, na hapo akili yake ikatulia kabisa.

Alipokuwa mtu mzima aliiacha nyumba yake kutafuta jibu la mateso ya binadamu. Alijinyima chakula hadi akadhoofika, lakini jibu hakulipata. Ndipo alipokumbuka kile kivuli cha utotoni. Akala chakula, akaketi, akaifuata njia ile ya utulivu. Neno Buddha lina maana ya aliyeamka.

Kwa mzazi, hapo pana jambo zito. Kilichomwonyesha njia ni kumbukumbu ya dakika chache za amani alizozipata mtoto wakati wakubwa wakiwa kazini. Dakawa nako, wakati wa kupandikiza, watoto huachwa kivulini kando ya mashamba. Hakuna ajuaye ni dakika ipi mtoto ataibeba maisha yake yote.

Mpaka hospitali

Tanzania ina hekalu la Wabudha Upanga, Dar es Salaam, lenye asili katika jamii ya Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini zoezi hili limetoka nje ya mahekalu. Mwaka 1979 nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini kupitia Chuo Kikuu cha Massachusetts, bila ibada, kusaidia wagonjwa wenye maumivu na msongo wa mawazo.

Mwaka 2014, uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515 ulionyesha kuwa programu za namna hii zinaweza kupunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu. Kwa kiasi, si kwa muujiza. Mwenye huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, au mawazo ya kujidhuru, anahitaji kufika kituo cha afya. Mwislamu au Mkristo naye halazimiki kubadili dini ili aifuate pumzi yake.

Kwa nini ni muhimu

Dakawa inapitiwa na barabara kuu, na eneo hili halijasahau Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari. Kuna magari, kuna pikipiki, kuna mifereji yenye maji. Mtoto anayecheza karibu navyo analindwa kwanza na jicho la mkubwa wake. Jicho hilo likizama kwenye simu, mtoto amebaki peke yake ingawa mzazi yupo.

Mzazi, jaribu hivi

Asubuhi, kabla ya kushika simu, kaa na uhesabu pumzi 10. Ukipotea, anza tena na moja.

Unapochambua mchele, chambua mchele tu. Sikia punje vidoleni, ona chuya na mawe.

Mtoto anapokuudhi, vuta pumzi tatu kabla ya kujibu. Mara nyingi fimbo huwahi kuliko akili.

Jioni, weka simu mbali kwa robo saa, umsikilize mtoto bila kumkatiza. Mawazo yatakuja, maana ndege hawaachi kuja. Yafukuze taratibu, umrudie mtoto.