Nguvu ya freni ya chukudu

Wandugu wanafunzi, kuna zoezi moja la fizike ambalo wengi hawapendi. Kitu kinakimbia, kina uzito fulani, kinasimama kisha mita fulani. Utafute nguvu ya katikati iliyokisimamisha. Mutu anatafuta kwanza muda, muda hauko, njo anaacha karatasi nyeupe. Kumbe muda hauna lazima. Kitu kinachokimbia kiko na enerji, nusu ya masi mara mwendo mara mwendo. Kwa kukisimamisha lazima kazi ya kiasi kile kile, na kazi ni nguvu mara urefu wa njia. Basi gawanya enerji kwa mita, umepata nguvu. Neno hili «kazi» katika fizike lilitiwa na Mufaransa Coriolis katika kitabu chake cha mwaka 1829, na alikuwa anafikiri juu ya mashini, hapana juu ya mitihani.

Mimi nilifikiri juu ya chukudu. Mukubwa wangu anateremusha mashu na viazi toka Kibumba mupaka Goma, na chakula chetu na minervale yangu vinatoka pale. Freni yake ni kipande cha mupira wa gari kwenye gurudumu la nyuma, anakikanyaga na muguu. Siku moja mwenye mali alimwambia aongeze mufuko mumoja wa kilo 100. Yaya akasema: «Kilo 100 ni nini? Nitakanyaga tu.»

Nilimwomba tupime kwanza. Kwenye barabara ya sawasawa, chukudu, muzigo na yeye mwenyewe, yote kilo 300, tulipita mita 20 kwa segonde 4, maana mwendo wa mita 5 kwa segonde. Akakanyaga. Alisimama kisha mita 6. Enerji ilikuwa jouli 3 750; gawanya kwa 6, unapata nyutoni 625. Ile ni nguvu ya katikati. Pengine mwanzoni muguu ulikanyaga pole, mwishoni kwa nguvu sana. Hesabu haijali, inauliza tu jumla ya kazi katika zile mita 6. (Mwenye kutaka nguvu ya kila segonde, huyo njo atatafuta muda.)

Na kilo 400, kwenye barabara ya sawasawa, freni ile ile inasimamisha kwa mita 8. Yaya alicheka: mita 2 tu! Lakini Kibumba si barabara ya sawasawa. Twaa mahali ambapo njia inashuka mita 1 kila mita 10. Pale uzito wenyewe unafanya kazi pia, na unafanya kwa kusukuma. Tuhesabu kila kilo inavutwa chini na nyutoni 10. Juu ya mutelemuko huu, sehemu ya kumi inasukuma mbele. Kwa kilo 300 ni nyutoni 300. Freni ya 625 inabakia na 325 tu za kusimamisha. Jouli 3 750 gawanya kwa 325: mita 11 na nusu. Sasa tia mufuko. Enerji inakuwa 5 000, mulima unasukuma na 400, freni inabakia na 225. Mita 22!

Angalieni vizuri. Muzigo haukuongezeka mara mbili, njia ya kusimama karibu mara mbili. Mufuko unaongeza enerji ya kumaliza, na wakati ule ule unakula nguvu ya freni. Muguu wa yaya hauongezeki juu muzigo umeongezeka. Na kwa kilo 625, freni na mulima wanalingana: chukudu haisimame hata kidogo, inaendelea na mwendo wake mupaka chini, ao mupaka kwenye kitu. Kama kitu kile ni ukuta, na chukudu ya kilo 300 inasimama kwa sentimetre 10, gawanya 3 750 kwa 0,1: nyutoni 37 500. Watoto wanaotoka masomo wanapita barabara hiyo.

Yaya alinyamaza, akaangalia karatasi muda murefu. Kisha akasema: «Kadogo, mwenye mali analipa kwa mufuko. Nikikatala, atamupa mwengine. Uniambie mwendo gani ndiyo nisimame kwa zile mita 11 na nusu.»

Ile ilikuwa swali nzuri kuliko zote za kitabu. Freni inabakia na 225, mara 11,5, inafanya karibu jouli 2 590. Kwa kilo 400, mwendo ni mita 3,6 kwa segonde. «Sina kompteri kwenye chukudu», akasema. Basi tulipima hatua pembeni ya barabara, mita 36 toka jiwe moja mupaka muti mumoja wa karatusi. Akipita pale mbele ya kuhesabu segonde 10, amezidi.

Asubuhi ile alihesabu kwa sauti, akafika muti kwenye nane.