Farasi Mzee wa Lang'ata

Jumapili moja ya mwezi wa Mei nilialikwa na rafiki yangu kwenda Lang'ata, kusini-magharibi ya jiji la Nairobi, kutazama mazizi ambamo farasi wa watu mbalimbali hulishwa na kulazwa kwa malipo ya kila mwezi. Njia ilikuwa matope matupu. Si mbali na hapo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Nilidhani nitaona farasi wa fahari. Kumbe niliyemkuta mlangoni alikuwa mzee wa miaka 26, mgongo umebonyea, na nywele nyeupe juu ya macho. Ujana wake aliumaliza katika uwanja wa mashindano wa Ngong Road.

Saisi wake, mtu mwenye mvi, alinipokea kwa heshima. "Mwanangu," akaniambia, "huyu si mgonjwa. Ni meno." Akanieleza ya kuwa jino la farasi huzidi kutokeza katika ufizi kadiri linavyosagika, lakini farasi akikaribia miaka 30 akiba hiyo huisha. Hapo hutafuna majani akayatema madonge madonge. Katika kiangazi cha Januari na Februari, majani yalipokauka, mzee huyu alikonda hata mbavu zikahesabika. Mwenye farasi akataka auawe kwa sindano. Saisi akaomba apewe mwezi mmoja.

Katika mwezi huo daktari aliyapiga tupa meno yenye ncha. Chakula kikalowekwa katika maji ya uvuguvugu mpaka kikawa kama uji, akalishwa kidogo kidogo mara nne kwa siku, mbali na farasi vijana wasije wakamnyang'anya. Kila Jumamosi saisi alimzungushia kamba kifuani na kuipiga fundo. Nilionyeshwa kamba hiyo: fundo la mwisho lilikuwa limelipita la kwanza kwa upana wa vidole vitatu.

Masika yakaja na taabu zake. Farasi mzee aliyekonda akilowa hutetemeka; akisimama matopeni mno, sehemu laini ya chini ya kwato huoza na kunuka. Kwa hiyo hupanguswa, kwato huchokolewa kila siku, naye hulazwa juu ya maranda makavu. Hatari kubwa huja jua likichwa, watokapo visubi waenezao ugonjwa ambao punda milia huuchukua bila kuugua, bali farasi huweza kumwua kwa siku chache. Chanjo ya kila mwaka husaidia. Hata hivyo kabla ya magharibi farasi wote huingizwa ndani.

Nilimwuliza, "Mzee, je, ataiona masika ijayo?"

Akajibu bila kuficha, "Siku atakayoshindwa kuinuka, mimi mwenyewe nitamwita daktari. Lakini njaa isiitwe uzee."

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tulio na punda nyumbani, kabla ya kumhukumu mnyama mzee, kwanza tumwite daktari amfungue kinywa, atazame meno.