Linux kwenye saiba ya shangazi

Leo naongea juu ya Linux, na najua baadhi yenu mmeshaanza kuguna. Kila ukoo wenye kijana aliyesomea kompyuta una mtu wa kuhubiri Linux kila Krismasi, watu wakila pilau. Mimi sihubiri. Nina miaka 28, naandika programu za seva kwa Python na Go, na Linux kwangu ni kama jembe kwa mkulima: sioni cha kujisifia. Kwetu sisi waandishi wa programu ni rahisi, maana kitu kikiharibika tunalipwa kukitazama.

Mtihani wa kweli ni mtu ambaye asipofungua mashine asubuhi, jioni hakuna unga. Mtu huyo kwangu ni shangazi.

Shangazi ana saiba Voi, si mbali na steji ya matatu. Mashine zilikuwa 6, zote mtumba, zile tunaziita ex-UK: maofisi ya Uingereza yakizitupa, sisi tunazipangusa vumbi na kuzipa maisha ya pili. Core i5 za kizazi cha 4, yaani chipu za mwaka 2013, RAM 4GB, na diski za kuzunguka zinazolia kama kriketi. Kazi ya hapo mnaijua: eCitizen, KRA, maombi ya KUCCPS, kuandika CV, kuchapisha, fotokopi, picha za pasipoti. Mteja anaingia na kitambulisho na shilingi mia, anatoka na karatasi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilipangiwa kuacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Kizazi cha 4 hakimo. Kuna njia za kulazimisha, ndiyo, nazijua, lakini siwezi kumwachia shangazi mashine iliyoingizwa dirishani halafu nipande treni kurudi Nairobi.

Sasa, mashine hazingezima siku hiyo. Zingewaka vilevile, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka. Mimi niliyeshtuka ni kwa sababu ya wanaokaa mbele ya hizo mashine. Mzee anataja paswadi yake ya KRA kwa sauti ili aandikiwe. Mama anafungua barua pepe ya mwanawe aliye Qatar na anaondoka bila kuifunga. Hao hawajui kwamba kuna kitu cha kuogopa, na mashine yenye matundu yasiyozibwa tena ndiyo mahali pabaya kabisa pa kuwaketisha.

Shangazi aliuliza bei Nairobi, duka moja la Moi Avenue. Mashine moja ya mtumba inayokubali Windows 11, Sh25,000. Mara 6 ni Sh150,000. Akanipigia simu. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako ya maandishi meusi, inaweza kuandika CV?"

Niseme jambo moja hapa ambalo wahubiri wa Linux hulikwepa. Ulaya wanasema Linux ni bure na Windows ni ghali. Kwetu hoja hiyo haijawahi kuwa na meno, kwa sababu barabarani Windows nayo ni bure: fundi anakuja na flashi, anaweka, unamlipa Sh500 ya jasho lake. Linux Kenya haijawahi kushindana na Windows ya dukani, imeshindana na Windows ya flashi, na imeshindwa miaka yote. Kilichobadilika 2025 ni kwamba kwa mara ya kwanza flashi ya fundi haikutosha. Tatizo lilihamia kwenye chuma chenyewe.

Basi nikashuka na SGR mwezi Agosti. Agosti si bahati nasibu. Juni huwezi kugusa mashine ya saiba, kila mtu anakimbizana na Juni 30 ya KRA. Nilichagua Linux Mint 22, yenye sura ambayo mtu wa Windows haipotei: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Toleo hilo linapata masasisho hadi mwaka 2029, na miaka hiyo ndiyo niliyokuwa nikimtafutia shangazi.

Kabla ya Linux nilinunua SSD, kiasi cha Sh2,500 kila moja. Na hapa nitawaudhi wenzangu: nusu ya sifa ambazo watu huipa Linux kwenye mashine kuukuu ni sifa za SSD. Diski ya kuzunguka inatafuta data kwa mkono unaotembea kwenye sahani, SSD haina kinachotembea. Chukua mashine ya 2013, iwekee SSD na RAM 8GB, hata Windows 10 ingekimbia. Tusiibe sifa za watu.

Kazi ilichukua wikendi moja. Kivinjari ni kilekile, kwa hiyo eCitizen na KUCCPS hazikuleta maneno. Printa kubwa nyeusi ilitambuliwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Ile ndogo ya rangi ilichapisha lakini skana yake ikakataa katakata, nikahangaika nayo hadi saa sita za usiku nikaiacha. Zile lahajedwali zenye makro nazo hazikuelewana vizuri na LibreOffice. Shangazi akaamua: tununue mashine moja tu ya Windows 11, ikae kwenye kona na skana na makro zake. Tano ziende Linux na ya sita ikachinjwa kwa ajili ya RAM. Nilipenda uamuzi ule kuliko ambavyo ningependa ushindi wa sita kwa sita. Mashine si dini.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa CV. Mteja anakuja na CV ya kurasa 2 iliyoandikwa kwa Calibri. Mint haina Calibri, inaweka fonti nyingine, maneno yanasukumana, CV inakuwa kurasa 3 na jina la mdhamini limebaki peke yake kwenye ukurasa wa tatu kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Dawa ipo: fonti inayoitwa Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, hivyo mistari inakatika palepale. Ukiweka Linux popote pa kuchapisha, weka Carlito siku ya kwanza.

Flashi, kwa upande mwingine, zilinipa raha. Mnajua kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato? Voi kimejaa. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux unaziona faili zake zote mchana kweupe, zile za .lnk na .vbs, zimekaa tu, haziwezi kufanya lolote. Folda halisi unazitoa zilikofichwa. Shangazi sasa analipisha huduma hiyo :-)

Nikaandika pia programu moja. Picha za pasipoti zilikuwa zinapangwa kwa mkono kwenye Word, picha moja moja, dakika kumi kwa mteja. Programu yangu ni mistari kama 40 ya Python na maktaba ya Pillow. Inachukua picha, inaikata sentimita 3.5 kwa 4.5, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531, kisha inapanga picha 8 kwenye karatasi ya 4R iliyolazwa, nne juu na nne chini. Hakuna akili bandia humo, hakuna wingu, haina hata nembo. Kazini nimeshiriki kwenye mifumo mikubwa yenye mikutano ya kila asubuhi, na nathubutu kusema hakuna nilichoandika kinachotumiwa kwa furaha kama hii mistari 40. Niliyajua mahitaji kwa kukaa kwenye benchi na kutazama mteja akisubiri.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo.

Wiki ya tatu baada ya kurudi Nairobi, simu ililia saa mbili asubuhi, niko kwenye matatu. Printa haichapishi. Foleni ya watu saba. Na mle ndani ya mji hakuna fundi wa kuita, kwa sababu fundi wa flashi akiona Mint anasema, "Hii toa, nikuwekee Windows." Hiyo ndiyo gharama ya Linux ambayo haiandikwi popote. Windows ina mafundi kila kona, wazuri na wabaya. Linux ya shangazi ilikuwa na mtu mmoja, mimi, umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Tena jambo hili si la Voi peke yake. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (ndiyo, Microsoft), aliutangazia ulimwengu kwamba kuna mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo karibu katika kila Linux. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, ambaye mwaka 2022 alisema wazi kwamba ni kazi ya kujitolea, hailipi. Akajitokeza aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa adabu zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo, na ndipo akaweka mlango wake. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikamatwa kabla ya kuingia kwenye Linux nyingi za kawaida. Tangu mwezi Novemba 2017 kila kompyuta kwenye orodha ya TOP500 ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani inaendeshwa na Linux, simu yako ya Android ina kerneli ya Linux, na chini kabisa ya jengo hilo lote kuna watu wachache waliochoka. Kwa hiyo mtu akiniuliza Linux ni salama, nauliza kwanza: nani yuko zamu?

Kwa shangazi jibu halikuweza kuendelea kuwa mimi. Pale saiba kuna binti aliyemaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda chuo. Siku ile ya printa nilimwambia afungue terminali, nikamsomea herufi moja moja: sudo systemctl restart cups. Printa ikaamka. Kimya kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Kaka, ngoja niandike."

Nilipokwenda Desemba nikakuta daftari la mstari, lile la shule la kurasa 96, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kila amri ameipa jina lake. Sudo ni "naomba ruhusa ya mwenye nyumba". Ile ya printa ni "fufua printa". Kusasisha mashine ni "pokea chanjo", kila Jumatatu kabla ya wateja. Df -h ni "chungulia ghala". Kuna ukurasa mzima wa mambo ya KUFANYA STIMA IKIPOTEA. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kazi ninayoiheshimu sana, na shuleni tulifundishwa tarakilishi na kipanya. Lakini maelezo ya Linux kwa Kiswahili niliyoyaelewa haraka kuliko yote ni ya daftari lile lenye alama za mafuta ya mandazi.

Kati ya Agosti na Desemba alinipigia mara 11. Nimehesabu kwenye simu. Tangu Januari amenipigia mara mbili, na mara moja ilikuwa kuniuliza grep ni nini, hakukuwa na kilichoharibika. Mwalimu wa shule moja ya jirani amekuja kumuomba awawekee Mint kwenye mashine 4 za maktaba. Alitoza Sh500 kila moja, bei ya fundi wa flashi. Sikumfundisha hiyo bei, na nadhani ni ndogo.

Septemba anakwenda chuo. Shangazi amemchukua kijana mwingine, mpwa wa jirani, ambaye kwa maelezo ya shangazi "anajua simu sana". Nimemwuliza binti kama ataondoka na daftari. Akasema daftari ni la saiba, yeye atanakili lake. Kwa hiyo Ijumaa hii napanda treni ya mchana. Nimebeba SSD moja ya akiba, flashi yenye Mint, na daftari jipya la kurasa 96, la kunakilia.