Kamera ya dukani kwa mama ilituonyesha tusichokitafuta

Mama alinipigia simu saa 3 usiku, muda ambao huwa ameshalala. Hakuuliza kama nimekula, wala hakuuliza habari za Dar es Salaam. Alisema, "Mwanangu, leo tena hesabu imekataa. Elfu kumi na sita."

Ilikuwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja.

Mama ana duka la dawa muhimu nyumbani kwetu Gongoni, katika Manispaa ya Tabora. Ni chumba kimoja. Mbele kuna kaunta na rafu za dawa. Nyuma yake kuna meza yenye droo ya fedha na daftari la mauzo, na pembeni kuna kona yenye pazia ambako anawapima watu shinikizo la damu. Sisi wanawe tunapaita ofisini kwa mama. Fedha za chumba hicho ndizo zilizonisomesha hadi chuo kikuu, kwa hiyo ninajua uzito wa elfu kumi na sita pale.

Dukani wako wawili tu: mama na binti wa mama yangu mdogo. Binti ana miaka 23, amesomea utoaji wa dawa na anaishi na mama tangu amalize mafunzo. Anamwita Mama mkubwa. Ndiye anayefungua duka asubuhi na ndiye anayembandikia mama chai jioni.

"Sitaki kumsingizia mtoto wa ndugu yangu," mama aliniambia usiku ule, "lakini fedha hazina miguu."

Alikuwa ameshaamua. Mwisho wa mwezi angemrudisha binti kwao Urambo. Nilijua hilo lingemaanisha nini. Binti angerudi na jina la mwizi, na mama na mdogo wake wasingesalimiana tena hadi kwenye msiba. Nikamwomba anipe wiki mbili. Nilikuwa na likizo, nikamwambia nitakuja na kamera.

Kariakoo, maswali matano

Nilipita Kariakoo kabla ya kupanda basi. Muuzaji wa kwanza alinitajia Tapo, EZVIZ na Imou kwa kasi ya mtu anayetaja kikosi cha Simba. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, sijui kamera. Lakini kazi yangu imenifundisha kuuliza, na maswali niliyouliza nadhani yatamfaa mzazi yeyote mwenye ofisi ndogo, saluni au kibanda cha wakala.

La kwanza lilikuwa ubora wa picha. Muuzaji alitaka nichukue ya megapikseli 5. Nikamweleza kwamba kutoka ukutani hadi kwenye droo ni mita tatu hivi. Akakiri kuwa megapikseli 2 zinatosha kwa umbali huo. Picha kubwa zaidi hujaza memori kadi haraka, na kwa chumba kidogo faida yake si kubwa.

La pili, rekodi zinakaa wapi? Kamera nyingi za bei nafuu hukupa njia mbili: memori kadi ndani ya kamera yenyewe, au hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Nilichagua kadi. Kamera ya megapikseli 2 inayorekodi saa 24 inaweza kutumia kati ya gigabaiti 10 na 20 kwa siku, kutegemea mipangilio, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 itatunza siku tatu hadi sita, kisha itaanza kufuta za zamani. Ukiiagiza irekodi pale tu inapoona mtu akitembea, siku zinaongezeka sana. Udhaifu wa kadi ni kwamba mwizi akiondoka na kamera, ameondoka na ushahidi. Na kuweni macho na kadi bandia zinazoandikwa gigabaiti 64 huku ndani zina chache. Kabla sijalipa niliomba tuijaribu kwa kuijaza mafaili.

La tatu, umeme na bando. Kamera hizi ndogo hula umeme kidogo. Yenye wati 5 ikiwaka mwezi mzima inatumia kama uniti 4 tu. Tatizo ni umeme unapokatika. Nilichukua inayotumia waya wa USB, ili pawabenki iweze kuibeba kwa saa kadhaa. Kurekodi kwenye kadi hakuli bando. Kinachokula bando ni kukaa Dar es Salaam ukitazama duka la Tabora moja kwa moja. Saa moja ya picha safi inaweza kumeza zaidi ya megabaiti 400. Mzazi anayependa kuchungulia kila dakika atajikuta ananunua bando kuliko sukari.

La nne, nani mwingine anaweza kuchungulia? Hili watu hawaliulizi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani kwa sababu wenyewe waliziacha na nywila za kiwandani. Mwaka 2019 nchini Marekani, mtu asiyejulikana aliingia kwenye kamera iliyokuwa chumbani kwa mtoto wa miaka minane akaanza kuongea naye. Kwa hiyo siku ya kwanza tu badilisha nywila, weka ndefu usiyoitumia kwingine, washa uhakiki wa hatua mbili, na kubali programu ya kamera inapoomba kusasishwa. Muuzaji akijitolea kukufungulia akaunti kwa namba yake ya simu, mshukuru, kisha fungua mwenyewe.

Kamera na kadi vilinigharimu shilingi 98,000.

Swali la tano sikumuuliza muuzaji. Nililibeba kwenye basi hadi Tabora: nani ataonekana kwenye picha hizi, na je, anajua?

Tuifiche au tumwambie?

Mama alitaka tuifiche kwenye boksi tupu la dawa, juu ya rafu. "Ukimwambia ataacha kuiba kwa wiki mbili, halafu?" aliniuliza. Hoja yake ilikuwa na mantiki, na nilikosa usingizi kwa ajili yake.

Lakini lile si duka la vitenge. Pale anaingia binti wa jirani kununua vidonge vya uzazi wa mpango bila mumewe kujua. Anaingia mzee anayenong'ona kuhusu mkojo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ipo hata Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, ambako wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Mwenye biashara anayefunga kamera afike au aulize mapema.

Nilimwambia mama kwamba mteja akigundua kamera iliyofichwa, hatarudi, na ataiambia Gongoni nzima. Hilo alilielewa haraka kuliko sheria.

Alicheka akasema hata wapagazi wa zamani, waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, walihesabiwa mizigo yao na mnyapara mbele ya macho yao. "Basi na tuhesabu mbele ya macho," akasema.

Tukaifunga waziwazi, ikiangalia droo na upande wetu wa kaunta. Kona yenye pazia haikuonekana kabisa. Sauti niliizima, kwa sababu tulichokitafuta ni fedha, si maneno ya wagonjwa. Mlangoni tukabandika karatasi: "Kuna kamera kwenye eneo la fedha. Hairekodi sauti." Na kabla ya yote nilimkalisha binti nikamweleza kwamba hesabu zinapungua na kwamba kamera itatuangalia sote watatu.

Aliinama. "Sawa, dada," akasema, na siku nzima hakusema tena.

Picha ya nyeusi na nyeupe

Siku ya tatu hesabu ilipungua elfu nane. Usiku tulifunga mlango, mimi na mama, tukafungua rekodi kwenye simu yangu.

Mchana hakukuwa na kitu. Kuanzia saa 12 na nusu jioni, picha ikageuka nyeusi na nyeupe. Hivyo ndivyo kamera nyingi za ndani zinavyofanya giza linapoingia: hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na rangi zote hupotea. Katika giza lile tukamwona binti anafungua droo, anatoa kitu, anakitia mfukoni.

"Umeona?" mama akasema. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu aliyeomba asione.

Nilirudisha nyuma mara tatu. Kitu kile kilikuwa na mwanga pembeni. Kilikuwa simu yake, aliyokuwa akiichaji ndani ya droo. Kama tungekuwa na haraka, tungemwamsha usiku uleule.

Kesho yake nilinunua balbu kali zaidi na kuifunga juu ya meza, ili jioni kamera iendelee kuona rangi. Ninawasihi wote mnaofunga kamera kwa ajili ya fedha, msisahau taa. Noti bila rangi ni karatasi.

Siku ya tano hesabu ilipungua tena elfu nane. Safari hii rangi zilionekana. Mteja alinunua dawa ya elfu moja akatoa noti ya elfu tano. Aliyemhudumia alikuwa mama. Alichukua noti mbili kwenye droo, akazisogeza karibu na uso, akazigeuza kuelekea dirishani, akampa. Moja ilikuwa ya rangi ya kahawia, elfu mbili. Nyingine ilikuwa nyekundu, elfu kumi.

Mteja alizitazama, akazikunja, akaondoka.

Nikafungua daftari la mama. Mapungufu yote ya mwezi uliopita yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake: 8,000, 16,000, 8,000, 16,000. Kila mara ni nane au mara mbili ya nane. Ukimpa mtu elfu kumi badala ya elfu mbili, unapoteza elfu nane. Jibu lilikuwa limekaa kwenye daftari muda wote, na mimi, mwandishi wa afya, nilikuwa nimepanda basi na kamera.

Nilimwekea mama simu mbele. Alitazama kimya, kisha akaomba nimwongezee mwanga wa kioo. Ulikuwa tayari mwisho.

Hapo ndipo nilianza kumuuliza maswali ambayo ningemuuliza mgonjwa yeyote. Taa za pikipiki usiku zinamwumiza macho? Ndiyo, tangu mwaka jana. Rangi zimefifia? Alidhani kanga za siku hizi hazina rangi nzuri. Maumivu? Hakuna. Mtoto wa jicho huja hivyo: lenzi ya jicho inaingia ukungu polepole, bila maumivu, na dunia inakuwa ya manjano na hafifu bila mwenyewe kujua. Ndio ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani, na unatibika kwa upasuaji mfupi wa kuondoa lenzi ile na kuweka ya bandia. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini kabla ya hospitali kulikuwa na deni jingine.

Asubuhi mama alimwita binti ofisini, akamwonyesha ile picha mwenyewe. Sikuwahi kumwona mama akimwomba radhi mtu mdogo kuliko yeye. "Mwanangu, macho yangu ndiyo yaliyoiba," alimwambia. "Nisamehe."

Binti alilia kwanza. Kisha akasema, "Mama mkubwa, mimi nilikuwa nimeshafunga begi. Nilisema nikifukuzwa, nisikuchelewesheni."

Begi lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa tangu siku ile nilipomkalisha kumweleza kuhusu kamera. Nilidhani siku ile nilitenda haki. Nilikuwa nimemwambia ukweli, lakini nilimwambia kwa sura ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Hilo bado linanisumbua.

Tulikwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na kipimo kikathibitisha tulichohofia, macho yote mawili. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Kwa kipindi chote hicho binti ndiye aliyeshika droo peke yake, na ndiye aliyemtia mama dawa ya matone kwa saa zilizopangwa.

Kamera bado ipo ukutani, kwa sababu wezi wa kweli nao wapo. Lakini kama nyumbani kwako au ofisini kuna fedha zinazopungua, na msichana wa kazi au mtoto wa ndugu ameanza kutazamwa kwa jicho la pembeni, fanyeni jambo moja kabla ya kwenda kununua kifaa. Mpelekeni anayehesabu fedha akapimwe macho, hasa kama amevuka miaka 50.

Wiki sita baada ya upasuaji mama alinipigia tena, saa 3 usiku.

"Hesabu imekaa," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.