Pointi 50

Mamangu anauza mahamri na mbaazi kwenye njia ya kuendea ferry, Likoni, na kila Desemba huniuliza swali lilelile: "Kwani ile miaka sita uliyosoma imeharibika?" Si kwamba hajui kulipia leseni. Kanjo wanamjua kwa jina. "Lakini mimi wakinitoza," husema, "wananiachia nafasi niuze. Wewe wakikutoza wanakupa nini?"

Sina jibu linalomtosha. Leseni ya daktari Kenya hufa tarehe 31 Desemba, uwe umetibu watu elfu au hukutibu hata mmoja. Ili Baraza la Madaktari, KMPDC, likupe nyingine, lazima uwe umekusanya pointi 50 za mafunzo mwaka huo, kisha ulipe ada. Mimi nikajumlisha na bima ya makosa ya kazi.

Na sipingi mafunzo, mnielewe. Nimewahi kufanya lokamu na mzee mmoja aliyekuwa akitibu malaria kwa dawa zilizoachwa zamani, na hakuna aliyemuuliza. Mgonjwa wa Kisauni ana haki ya daktari anayesoma. Kinachonikera ni nani anayelipa.

Daktari aliyeajiriwa hospitali kubwa hupata pointi zake akiwa kazini. Kuna kikao cha asubuhi, kuna mhadhara wa mchana wenye pilau ya kampuni ya dawa, jioni anaenda nyumbani na pointi zake. Mimi sijaajiriwa na yeyote. Watu wengi waliposikia mgomo wa 2024, ule wa siku 56, walidhani kila daktari ana mshahara wa kugomea. Mimi nilikuwa nikizunguka: Jumatatu kliniki ya Bombolulu, Jumatano Mtongwe, wikendi Changamwe kwa madereva wa malori. Nalipwa kwa siku. Siku nikienda mafunzoni silipwi, na hayo mafunzo yenyewe nayalipia. Kwa hivyo siku hiyo huniuma mara mbili. Ziko za bure za mtandaoni, ndiyo, lakini bando si bure, na kuna semina moja nilihudhuria kwenye kivuko, simu mkononi, mtandao ukakatika katikati ya maji pamoja na pointi zangu.

Wenzetu pia wanalalamika. Marekani, Februari 2015, bodi inayowapima madaktari wa magonjwa ya ndani ilifika hadi ya kuwaomba radhi kwa masharti yake. Nilisoma habari hiyo nikacheka peke yangu. Wale angalau wanalalamika wakiwa na kazi.

Mwaka niusemao, pointi nilizipata. Pesa ndizo zilizonishinda. Kliniki moja ilikuwa na deni langu la miezi miwili na mwenyewe hashiki simu. Januari ikaingia nikiwa sina leseni, na bila leseni daktari akitibu ni kosa la jinai. Nikaziambia kliniki zote kwamba naumwa na mgongo. Niliona haya kusema ukweli.

Usiku wa tarehe tisa, jirani akagonga. "Dakta, nifungulie, mtoto hapumui vizuri." Alikuwa na mtoto wa mwaka na nusu begani. Nikamlaza kwenye kochi, nikamfunua kifua, nikahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. 52. Kwa umri huo, ikifika 40 twaiita nimonia. Ila alikuwa ananyonya, analia kwa nguvu, kifua hakibonyei. Ilikuwa nimonia ya dawa ya kunywa, amoksilini, ya kutibiwa nyumbani. Mwezi uliopita ningeandika karatasi na baba angevuka barabara kuinunua.

Nikamwambia, "Mpelekeni hospitali."

"Sasa hivi? Saa saba hii?" Akanitazama. "Wewe si daktari?"

Nilianza kumweleza habari za leseni, pointi, Desemba. Hata mimi nilijisikia nikiongea upuuzi. Mtoto anakohoa, mimi naeleza makaratasi. Baba yake akaenda kutafuta tuktuk, wakalipa mia tatu, nami nikapanda nao kwa sababu sikuweza kubaki. Tulikaa kwenye benchi hadi karibu alfajiri. Klinikofisa, kijana mchovu, akahesabu pumzi kama nilivyohesabu, akaandika amoksilini. Kipimo kilekile. Mama mtoto akaitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi, hakusema neno.

Asubuhi mamangu alikuta habari imeshafika kwenye mbaazi zake kabla yangu. Hakuuliza lile swali lake. Alinipa fungu la chama, pesa alizokuwa anangojea tangu Juni anunue mabati ya jikoni, akasema, "Nenda ukalipe hiyo kanjo yako."

Leseni ilitoka wiki ile. Niliichapisha saibani kwa shilingi kumi. Pesa za mabati nilizirudisha kidogo kidogo hadi Agosti, na mvua kubwa za masika zilikuwa zimeshapita jikoni mwake.

Jirani yule tunasalimiana vizuri tu. Mtoto amekuwa mkubwa, anakimbia uani. Akikohoa humpeleka duka la dawa.